Ugwe

Tawi la mkarafuu huvutwa kwa ugwe.
Wa Mbarouk ulikatikia Mtambwe, Jumatatu asubuhi,
pakacha kiunoni,
karafuu zikamtangulia kutua.

Wete, kitanda cha tisa. Dada yake Time,
mwaka wa tatu wa uuguzi, amekalia ndoo,
daftari lina doa la chai:
“Mgongoni nako mna ugwe.
Kutoka shina la ubongo hushuka serotonini,
na peptidi humo humo, ncha moja ya neva,
kama karafuu na kikonyo chake.”

“Basi zimekwama wapi?”

“Nisikilize. Serotonini jirani mwepesi,
hodi moja keshafungua.
Peptidi hatoki kwa hodi moja. Bisha,
bisha mfululizo mpaka aone haya.
Akitoka, hachelewi kuzungumza tu,
huchelewa na kurudi ndani.
Wawili hao wakikutana, mguu huamka.”

Mbarouk akautazama mguu wa kulia
kama mtu atazamavyo deni.

Time akafunga daftari.
Akalikunja goti, akalinyoosha.
Akalikunja.
Hesabu ikampotea baada ya mia na kitu,
adhana ya alasiri ikapita.
“Hodi,” kila mara. “Hodi.”

Kidole gumba,
au upepo wa feni.

Hakuuliza. Akabisha tena.