Tendegu la Nne

Kitanda chetu kina matendegu matatu
na tofali moja.
Tofali lilikuja kwa muda tu, wiki ya harusi;
sasa kifungua mimba wetu anaota ndevu.

Mwanakheri husema: fundi angelikereza kwa siku moja,
wewe mwaka mzima watafuta mashine.
Kweli.
Lakini mikono yangu huhesabu vidonge tangu asubuhi,
kumi, kumi, kumi, ndani ya bahasha,
na jioni inataka kitu kisichohesabika.

Kerezo la kwanza nililiona kwenye simu:
dogo, jekundu kama pipi,
linabebwa kwa mkono mmoja.
Famau muuza vioo alikuwa nalo tayari. Akaliwasha.
Nikaweka kikombe cha kahawa juu ya kichwa chake:
kahawa ikatetemeka, ikamwagika,
ikachora duara mezani.
Kisha nikatoa utepe niliopimia tendegu.
Ncha hadi ncha, halikufika hata nusu yake.
"Kereza vipande viwili, uunge," akasema Famau.
Sikumjibu. Tendegu la kuungwa
ni tofali lenye jina zuri.

La pili lilikuwa la uta, la kamba na mti,
lisilojua tokeni wala kukatika kwa umeme.
Wakaa chini. Mkono mmoja wavuta uta,
wa pili washika patasi,
kidole gumba cha mguu chaiongoza.
Nilijaribu dakika kumi.
Kidole nilikifunga mwenyewe,
bendeji kwa bei ya jumla.

La tatu, Langoni, chumba cha giza,
chini ya shuka kuukuu: chuma kitupu,
zito kama ugomvi wa mirathi.
Nikamwuliza Bi Mwanatumu, kwa adabu,
marehemu alikuwa akikereza nini.
Akacheka mpaka akashika mlango.
"Marehemu alishona kofia. Mkereza ni mimi.
Bega ndilo lililostaafu."
Akabonyeza swichi kwa kiwiko.
Kahawa, safari hii ya kwake, ikalala kikombeni
kama maji ya mtungi usiku.
Akatia kipande cha mwarobaini, akanisimamisha mbele yake:
sikiliza kabla hujagusa.
Mti ukiguna, umeukosea.
Ukinyamaza, patasi yako butu.
Ukiimba, usigeuke kutazama nani kakusikia.

Bei tulipatana upesi. Njia ndiyo iliyobishana nasi.
Shekuwe hupima kichochoro kwa punda wake, si kwa futi:
"Hapa punda na mzigo hawapiti pamoja. Chagua."
Kichwa, mota na miguu vikaenda safari nne.
Kitanda chake (ndiyo, mashine nayo ina kitanda)
tulikibeba wanaume wanne mabegani,
kimefunikwa shuka lile lile.
Barazani watu wakasimama, wakanyamaza.
Mmoja akaingiza bega, akabeba hatua saba kwa thawabu,
ndipo akanong'ona: ni nani?
"Kerezo," nikasema.
Akaendelea kubeba. Alikwisha kutia nia.

Sasa limekaa uani, kando ya ngazi,
na kila anayepanda hulipiga kofi kama ng'ombe wa mnadani.
Kazi yangu ya kwanza ni pia isiyosimama,
inalewa, inaangukia kushoto kila mara.
Mwenye ndevu ameitia mfukoni hata hivyo.
Gogo la mbambakofi limeegemea ukuta, linakauka;
Bi Mwanatumu aliliandika kwa penseli:
*si kabla ya Shaabani.*
Nimelisoma mara nyingi kuliko lebo yoyote ya dawa.

Usiku Mwanakheri akung'uta shuka.
"Umeleta maranda kitandani."
Nimeleta.
Anakipuliza kimoja kutoka kiganjani,
kimejikunja, chepesi, cha rangi ya chai,
anakitazama kikishuka mpaka sakafuni.
Tofali, chini ya kona yangu,
halijaambiwa lolote.