Mfumo Umelala

Leo ni mara ya nne tunamteremsha mama ngazi,
mimi na Shekuwe wa nyumba ya pili.
Tumemketisha kwenye kiti cheupe cha plastiki,
tumekibeba juujuu kama cha bibi harusi,
ila vigelegele hakuna, kuna punda tu
aliyeziba kichochoro na mifuko ya saruji,
na mwenyewe kaenda kununua mahamri.

Kwa ajenti, Langoni, mama ananyoosha mkono.
Gumba la kulia: halitambuliki.
La kushoto: halitambuliki.
Shahada, cha kati, cha pete.
Kijana anapangusa kioo kwa pindo la shati,
anasema, jaribu tena, mama, usitetemeke.
Miaka arubaini ameshona kofia za viua;
sindano imekula mistari yote aliyozaliwa nayo.
Kofia zake zimeswalia Idi mpaka Maskati.
Sasa chanda chema hicho, kilichostahili pete,
serikali haikijui ni cha nani.

Mama anacheka. "Zidole zimekwisha, mwanangu.
Mwambie natezame mato."

Ofisini kwa ustawi wa jamii, Bwana Karisa,
ambaye si mtu mbaya,
ana faili mia tatu
na boti ya kwendea Faza isiyo na petroli.
Pesa za wazee? Mwezi wa tatu huu.
Ananiambia mfumo umelala.
Nikampelekea mama jibu hilo. Akasema,
"Aliyelala si huamshwa?"

Usiku Rukiya anapiga kutoka Ufini.
Kazi yake kule ni kuwaosha wazee wa watu.
Ana bibi mmoja, Irja, miaka tisini na moja,
na simu ya kazini inamhesabia: dakika kumi na tano.
Kumfunua, kumgeuza, kumpaka, kumfunika, kuandika.
Ya kumi na sita haina mlipaji.
Vidonge hutolewa na kisanduku mezani,
hulia kidogo, kikamwita Irja kwa jina,
naye Irja hukijibu, ahsante, mpenzi wangu,
maana siku nzima hakuna mwingine aliyemwita.

Mimi nilidhani kule walishamaliza.
Shuleni tuliambiwa ziko nchi
ambako serikali ni mama wa pili,
ukizaliwa inakupokea, ukizeeka inakushika mkono.
Rukiya anasema, bado inashika,
ila siku hizi imevaa glavu na inatazama saa.
Kituo cha karibu wamekifunga,
Jumatatu kuna mkutano, majina yatasomwa.
"Msinitegemee sana mwezi huu, Twalibu."
Nikatazama pembeni pampasi za mama,
zimebaki tisa,
nikamwambia hapana neno.
Kumbe kitambaa kikikatwa Ufini
uzi unafumuka hapa Mkomani.

Sikumwambia mama. Lakini nyumba zetu hizi
kuta zake nene, masikio mepesi.
Akaniuliza jambo moja tu:
"Huyo Irja hana wana?"
Anao wawili. Wako mbali.
"Kama mimi basi."
La, mama, wewe unaye mimi.
Akanitazama kitambo,
mimi niliyemwosha asubuhi mbiombio,
jicho moja kwenye simu,
nikamwachia povu nyuma ya sikio.

Kisha akaiomba simu.
Akafinya pale pa kurekodi kwa gumba,
gumba lile lile,
na simu haikumuuliza yeye ni nani.

"Rukiya, huyo Irja mkande magoti
kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa, si hayo ya dukani.
Na hiyo dakika ya kumi na sita
mpe.
Deni andika kwangu."

Akaachia kidole. Ikaenda.