Kipimo cha Jua

Hapa Tromsø jua huaga mwishoni mwa Novemba
bila kumpa mtu mkono.
Saa sita mchana ni buluu tu, kama maziwa yaliyodondokewa wino,
kisha giza tena.
Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha.
Basi sisi hatudaiwi na mtu,
maana usiku wetu huchukua wiki saba.

Mimi napima jua.
Ndiyo kazi yangu, ghorofa ya chini, nyuma ya chumba cha majokofu.
Damu huja katika vichupa vya vizibo vya manjano,
mashine inavizungusha mpaka wekundu utuame
na juu yabaki maji ya rangi ya samli iliyoyeyuka.
Humo ndimo nitafutamo kiangazi kilichopita,
kila mtu kabakiwa na kiasi gani mwilini.
Wengine themanini: hao wamerudi juzi kutoka Visiwa vya Kanari.
Wengine hamsini, wanywaji wa mafuta ya ini la chewa,
kijiko kila asubuhi, pua wameibana.

Jumanne ilikuja kumi na tisa.
Kwa kawaida sisomi majina. Siku ile nilisoma.
Ingebjørg Kvammen, miaka sitini na mmoja,
kliniki ya saratani, titi la kushoto.
Ndiye aliyenifundisha kuogelea.
Alinishika tumbo kwa kiganja kimoja, majini,
kisha nikamsikia nyuma yangu:
"Nimeshakuachia zamani, mbona huzami?"

Nikarudia kupima. Nikabadili kemikali,
nikasafisha sindano ya mashine,
kana kwamba kosa ni la chombo.
Kumi na tisa.

Usiku nikasoma tafiti, chai ikipoa.
Wanawake wenye kiwango cha juu, zasema, mara nyingi huishi zaidi.
Nikafurahi.
Kisha nikafika kurasa za mwisho, kule wanakoweka mashaka:
pengine mwenye nguvu ndiye atokaye nje,
na mgonjwa hujifungia ndani, akachujuka.
Na walipogawa vidonge, hawa wakapewa, wale wakapewa vya bure,
jibu halikutoka wazi.
Jogoo huwika, kukakucha.
Nani aliyemwona akilivuta jua kwa kamba?
Nikafunga kompyuta, nimejua mengi,
na jua lenyewe bado.

Ishirini na moja Januari watoto hutolewa shuleni
na mji mzima hupanga foleni kununua maandazi ya jua,
yenye jamu katikati.
Alikuwa mbele yangu, kofia ya sufi imeshuka
mpaka pale zilipokuwa nyusi.
"Wewe ni wa maabara," akasema. "Kumi na tisa, sivyo?
Daktari Hætta kanipa vidonge. Nikamwuliza, vitaniponya?
Akasema: mifupa yako vitaisaidia, hilo naahidi.
Hilo jingine siahidi.
Nikampenda papo hapo."
Akalamba jamu kidoleni.
"Wewe je? Una ngapi?"

Miaka kumi na minne napima.
Sijawahi kujipima.
Akacheka mpaka akakohoa, akanishika bega,
"Na huzami!"

Ndipo likachungulia, kusini, katikati ya milima,
jembamba kama ukucha.
Watu wakanyamaza. Mtoto mmoja akaangusha andazi lake thelujini
na hakuinama kuliokota.
Mimi najua: jua la Januari, lililolala chini vile,
halitii kitu damuni, hata chembe.
Sikusema.
Ingebjørg alivua kofia.
Kichwa chake kilikuwa cheupe, kitupu, na juu yake mwanga ukakaa
dakika nne hivi.
Akafungua kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili.
Nami nikafungua changu.