Sifuri ya Mbele

"Mtandao," anasema Semwali wa dirishani,
na neno hilo limemfaa miezi minne sasa.
Mtandao hauna jina la baba. Hauwezi kujitetea.

Chama cha wakulima wa zabibu, Hombolo,
saa tatu asubuhi, upepo wa Agosti umeshaanza
kuingiza vumbi jekundu chini ya mlango.
Nyemo Chidawali ametaja namba yake ya simu
mara mbili, taratibu, kama anayemtajia kiziwi.
Kwenye kioo kiduara kinazunguka.
Ameweka mkoba sakafuni. Amezoea.

Mimi niko Nkuhungu, chumba cha nyuma,
ugali wa uwele umepoa kando ya kompyuta,
nakitazama kiduara kilekile kwa upande wa pili.

Nilianza na mshtakiwa wa kila siku.
Nikatuma salamu hadi winguni,
kwenye ukumbi wenye baridi nisioujua nchi yake,
ikarudi kabla sijakunja kidole.
Mara kumi. Mara mia.
Njia nyeupe. Mtandao hauna kosa.

Nikaitazama mashine. Meneja Ndahani
ameikuza mara mbili, kwa dola,
akisema jembe likigoma ongeza ng'ombe.
Ilikuwa inahema. Diski shwari, kumbukumbu tele,
kichakato tu kinasaga, kinasaga,
na unga hauonekani.

Basi nikafungua daftari la maswali mazito.
Swali moja lilijiandika mara elfu nne kwa siku,
sekunde tisa, kumi na moja, tisa:
nani mwenye namba hii ya simu?

Tu. Swali la mtoto wa shule.
Nikaiambia hifadhidata: usinijibu,
nieleze tu utapita wapi.
Ikanieleza bila aibu:
nitasoma mistari yote.
Milioni tatu na ushei, kila kreti
iliyowahi kupanda mizani, toka msimu wa kwanza.

Na faharasa? Ipo. Niliijenga mwenyewe.
Imekaa mlangoni na funguo zote kiunoni
na hakuna anayeisalimu.

Hapo nilisimama. Nikapasha mlenda. Sikuula.

Namba zetu huanza na sifuri.
Ukizihifadhi kama hesabu, sifuri inadondoka,
kwa hiyo zimewekwa kama maneno, na ni haki yake.
Lakini swali linauliza kwa hesabu.
Basi kila mstari, mmoja mmoja,
neno linavuliwa, linageuzwa tarakimu,
linapimwa, linakataliwa, haya, anayefuata,
wakati faharasa, iliyopangwa kwa maneno,
haiambiwi kitu.

Nani aliandika hivi?
Historia ya programu haimsitiri mtu. Jina langu,
Ijumaa moja, miaka sita nyuma, saa kumi na moja jioni.
Wakulima walikuwa mia mbili na kumi.
Kuwasoma wote ilikuwa kupepesa jicho.
Kosa lilijificha kwenye uchache wetu,
likala nasi kila mavuno, likanenepa,
nami nikikagua makundule ya wenzangu.

Dawa: alama mbili za nukuu,
moja kabla ya namba, moja baada,
vidole viwili vinavyoishika punje isianguke.

Sekunde tisa zikawa milisekunde tatu.

Huko Hombolo kiduara hakikumaliza nusu mzunguko.
Jina likatoka, kreti arobaini na moja, bei, makato.
Nyemo akahesabu noti palepale dirishani,
akarudia kuhesabu,
akauliza: makato ya nini?

Semwali akanipigia. Hakunipigia kwa hilo.
"Leo mtandao mzuri," akasema.
Mzuri, nikamjibu.

Kwenye daftari limebaki swali jingine, sekunde sita.
Ni lile la makato.