Bati Halimo

Kaseti ilifika Moshi mwaka wa themanini na tisa,
ndani ya soksi, kwenye begi la binamu yake Kundaeli
aliyekuwa akisomea umeme wa meli huko Rostok.
Haikuwa na jalada wala jina.
Ubavuni mtu aliandika kwa kalamu ya wino: KELELE, NZURI.

Tuliinakili Pasua usiku, kwa redio mbili
zilizotazamana kama majogoo kabla ya ugomvi.
Moja inasema, nyingine inasikiliza,
nasi tumebana pumzi,
marufuku kukohoa, marufuku hata kujikuna.

Ngoma zilikuwa debe.
Niseme kweli: debe la mafuta ya taa, na mpigaji ana hasira nalo.
Gitaa ni msumeno wa kiwandani kwa Aminiel
saa ile unapokutana na fundo la mgrevilea.
Mwimbaji kafungiwa chumba cha pili, anadai ufunguo.
Na besi?
Kundaeli alisema mpiga besi aliachwa na basi.
Mimi nilishikilia kwamba yupo,
kama Kibo ilivyopo Julai nzima nyuma ya mawingu:
unaambiwa tu, unaitikia.

Tukazeeka na debe letu.

Mwezi uliopita binti yangu Haikaeli
akanivisha spika za masikioni, zile kubwa, za kufunika.
"Baba, wameisafisha. Wamerudia mikanda ya mwanzo,
wamenyanyua kila kitu."

Wamenyanyua kweli.
Kila kitu kiko mbele, kila kitu kimo kimoja,
mkutano ambao wote ni wenyeviti.
Debe limeota kifua. Msumeno umepakwa grisi.
Mwimbaji kapewa ufunguo, katoka,
ana mate, ana meno,
namsikia akivuta pumzi kabla ya kutukana.

Na besi, jamani!
Kumbe alikuwa akitembea chini yetu miaka yote,
vidole vinene, mtu na heshima zake,
anapita gizani kama maji ya mfongo
kwenda kunywesha migomba ya watu wengine.
Nilimwomba radhi papo hapo, jikoni, kwa sauti.
Haikaeli alidhani naongea na simu.

Kisha wimbo wa tatu.
Pale magitaa yanapokatika ghafla, nusu pumzi,
halafu *pwaa!* — lile bati —
ndipo wote wanaanguka tena ndani.
Nikakaza shingo kulipokea.
Kimya.
Nikarudisha nyuma. Kimya.

Nikampigia Kundaeli buchani kwake, Kiboriloni.
"Bati halimo."
"Lipi?"
"La wimbo wa tatu."
Nikasikia shoka likiwekwa chini, taratibu.

Ilimchukua yeye kukumbuka:
Mama Elineema, ukuta kwa ukuta na sisi,
mtoto wake ana surua, saa saba za usiku,
mchi wa kinu mkononi.
Mara moja tu alipiga. Na redio ikameza.
Miaka thelathini na kitu tumemsifu mzungu
kwa pigo la mama aliyetaka kulala.

Sitasema ya kale dhahabu. Debe ni debe.
Kundaeli haafiki: anasema ule umaskini wa studio
ndio uliotufanya tuegemee, tusogeze sikio,
na anayeletewa kila kitu mdomoni hatafuni.
Haikaeli anasema wazee tunapenda vumbi.
Mimi ninazo zote mbili, nazibadilisha kama miwani,
na hakuna inayonipa kila herufi.

Jumamosi tuliiweka ile safi, buchani,
spika ndogo juu ya mzani, foleni ya mbavu hadi mlangoni.
Wimbo wa tatu. Magitaa yakakatika.
Kundaeli, bila kunitazama,
akageuza panga ubapa
akalipiga bati la ukuta.

Foleni nzima ikaruka.
"Nusu kilo," akasema mama wa mbele, mkono kifuani,
"na mfupa usizidi."