Kisanduku cha Kazi

Wamenipa siku kumi, kalamu mbili,
na fomu zenye kisanduku cha upana wa kidole:
KAZI.
Chini yake, kipya mwaka huu, kingine:
KAZI UNAYOITAKA.

Nikaanzia kwetu, Langoni. Mama akasema,
"Sina kazi mimi. Andika upesi, mofa zisiniungulie."

Somoe anashona kofia, tundu kwa tundu,
sindano karibu na jicho lake moja zima.
Miezi mitatu, kofia moja.
"Hii? Napoteza wakati tu."
Kwenye orodha ya msimamizi hiyo ni namba tisa.
Nikaipita. Nikaandika *fundi*.
Akanitaka nimsomee tena lile neno,
kisha tena.

Lali ana punda wanne na mchanga wa kuteremsha.
"Mchukuzi," alijibu kabla sijauliza.
Na unayoitaka?
Akamgeuza punda mmoja, akanionesha kidonda cha mgongoni,
kimefungwa kitambaa safi,
safi kuliko shati lake.
"Ile wafanyayo kule hospitali ya punda.
Lakini kule wataka cheti."

Mzee Famau alistaafu mahakamani mimi sijazaliwa.
"Karani," akasema. "Na niitakayo, karani.
Nyoosha mkono. Hiyo *k* yako yachechemea."

Mwana Nuru huosha maiti wa kike wa mtaa mzima.
Kisanduku cha kwanza alikikataa:
"Kazi hulipwa. Hili ni fungu langu."
Cha pili alikitazama mpaka chai ikapoa.
"Andika: atakayeniosha mimi
awe ajua kupima joto la maji."
Haikutosha. Niliipinda, ikapanda ukingo wa karatasi.

Msimamizi ameirudisha kwa wino mwekundu: *Jibu refu mno.*
Sijairekebisha.

Usiku wa kumi ilibaki yangu.
Kazi: hii, mpaka kesho saa sita.
Ile ya pili nimeiacha.
Mama alikuja akipangusa unga mikononi.
"Na mimi mwisho uliniandika nini?"
"Mkate."
Akacheka hata akakaa kitako. "Mkate nao ni kazi?"
Akanyamaza. Kisha,
"Basi tia na maji. Maji yaja yenyewe?
Tia na dawa za babako, za alfajiri na za usiku.
Tia na..."
akakunja kidole, akakunja cha pili,
akahamia mkono wa pili,
nami nikigeuza fomu
kutafuta nyuma palipo peupe.