Giaboksi Mvunguni

Barua ya baraza la mji ilifika Jumanne.
Siku ishirini na nane, hawakuongeza hata moja:
safu ya gereji nyuma ya maghorofa yetu inabomolewa,
pajengwe nyumba.
Nani atagombana na nyumba?
Watu wanataka pa kulala,
mimi nilikuwa na pa kulaza chuma.

Nilifungua mlango namba kumi na saba mara ya mwisho,
ukalia vilevile ulivyolia miaka sita.
Sakafuni doa la oili lenye umbo la Pemba.
Sikulifuta.

Gari likahama vipande vipande,
kwa toroli, kwa mkoba wa mgongoni, kwa basi.
Dereva akautazama usukani kifuani pangu:
"Asante, huu wangu unanitosha."
Coventry hii, ambako mababu zao waliunda magari
kwa kipenga cha asubuhi,
leo abiria wananipisha
kana kwamba nimebeba mzoga.

Chesisi, niliyoichomelea mwenyewe bomba kwa bomba,
imelala kwenye bustani ya Bi Glenys Pugh
kati ya kabichi na pipa la mbolea.
Juu yake turubai, juu ya turubai theluji.
Kanuni za bustani haziruhusu.
Bi Glenys kaandika kwenye daftari la wakaguzi:
kichanja cha maharage.

Na giaboksi iko mvunguni.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
niliikariri darasani Korogwe, nikapigiwa vyema,
wala sikujua kuna siku ningeinama kweli,
goti kwenye zulia, shavu kwenye vumbi,
Mwanasiti akinimulikia tochi na kusema,
"Mwenzio akinyang'anywa zizi huuza ng'ombe.
Wewe unamleta chumbani."
Lakini kesho yake niliikuta imefunikwa kanga yake kuukuu,
ile yenye maandishi
USINICHEKE SIJAFIKA.

Ghorofa ya tatu huwezi kuchomelea.
Huwezi kukata chuma, huwezi hata kugonga,
chini anaishi Bwana Okell na kipandauso chake.
Kazi isiyo na kelele imebaki moja:
nyaya.

Basi Jumapili, meza moja,
upande ule Mwanasiti anamsuka Raiya mistari tisa,
upande huu nasuka mimi:
nyekundu ya betri, kijani ya taa,
zambarau ya honi ambayo bado sijainunua.
"Baba, unakosea," anasema Raiya,
kichwa kimeinamishwa, haoni ila mikono yangu.
"Huo wa tatu unapita juu."
Kweli. Nikafumua yote mpaka mwanzo.
Mwanasiti hakucheka.
Alinisogezea kitana chenye mkia mrefu,
tangu hapo ndicho kinachonitenganishia nyaya.

Nikitoka zamu ya usiku napita pale.
Uzio wa mbao, winchi, taa moja ya mlinzi.
Namba kumi na saba sasa ni hewa.
Nasimama kidogo tu,
kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

Jana niliweka betri juu ya gazeti, karibu na bakuli la chumvi.
Nikaunganisha. Kimya.
Nikabadilisha fyuzi. Kimya.
Nikakumbuka ardhi, waya mweusi, nikaubana kwenye mguu wa meza ya chuma,
na taa iliyoegemezwa kwenye mto wa kochi ikafumbua jicho:
tik, tak,
rangi ya chungwa darini,
tik, tak, kwenye mistari tisa ya Raiya,
kwenye miwani ya mama yake.

Injini iko Nuneaton kwa Kuldip.
Magurudumu yako kwenye roshani, yananyeshewa.
Chesisi ni kichanja cha maharage.
Na sisi watatu, sebuleni, saa tano usiku,
tunakata kushoto.